Zana na spea za kubeba kwenye lori: zijaribu ukiwa bado yadi

Siku niliyokabidhiwa lori nililokuja kuliendesha kwa miaka mingi kuliko yote, nilifungua sanduku la pembeni nikaridhika. Wili spana ipo, jeki ipo, bomba la kurefushia mkono wa spana lipo. Nikafunga, nikaondoka. Wiki ya tatu, usiku, tairi la ndani la ekseli ya nyuma likapasuka. Nikaipachika wili spana kwenye nati, ikawa inacheza kama kijiko ndani ya kikombe. Soketi ilikuwa ya milimita 33, nati zilikuwa za 32. Nikajaribu kulazimisha, pembe za nati mbili zikaanza kulika, nikaacha. Nililala hapo mpaka asubuhi dereva mwenzangu aliposimama na kunipa soketi yake.

Sanduku lile lilikuwa na kila kitu isipokuwa kile nilichokihitaji, na ningeligundua hilo kwa dakika moja tu kama ningeijaribu spana ile pale yadi. Kwa hiyo mwongozo huu si orodha ya kupeleka dukani. Ni namna ya kulijenga sanduku kwa kulifuata gari lako lenyewe, hatua kwa hatua, na kila kinachoingia humo kiwe kimeshashikwa na kujaribiwa.

Hatua ya 1: Anza na daftari

Tenga nusu siku, ulizunguke lori kama mtu anayetaka kulinunua. Pima nati za magurudumu ya kichwa, kisha za trela. Mara nyingi hazilingani, hasa kama vimetoka viwanda tofauti. Andika saizi ya matairi. Andika namba ya mkanda wa feni. Huchapwa mgongoni mwa mkanda na hufutika kadiri unavyochakaa, kwa hiyo ukisubiri ukatike hutaiona. Andika namba za filta za dizeli, kila moja peke yake, kwa sababu lori lina zaidi ya moja na hazibadilishani. Chungulia mabomba ya plastiki yanayopitisha upepo wa breki, usome kipenyo kilichochapwa juu yake kwa milimita: 6, 8, 10, 12 na kuendelea. Chomoa balbu moja ya kila aina usome kitako chake.

Piga picha ya njia ambayo mkanda unapita kwenye puli, ya mfuniko wa sanduku la fyuzi, na ya mabomba yanavyoingia kwenye chemba za breki (vile vikopo vya chuma vinavyosukuma breki za magurudumu). Halafu mchoro wa mkanda uuchore pia kwa kalamu ndani ya daftari. Simu huisha chaji siku hiyo hiyo mkanda unapokatika, sijui huwa zinaelewana vipi.

Kisha kaa na fundi anayelihudumia lori. Usimuulize ubebe nini, maana atakutajia duka zima. Muulize mara tatu au nne za mwisho gari lilisimama kwa sababu gani. Majibu yake ndiyo spea zako za kwanza.

Kama unabadilishiwa trela kila safari, kila trela lipate ukurasa wake. Kabla ya kuliunganisha, pachika soketi kwenye nati moja, angalia plagi ya umeme inaingia, angalia mipira ya viungo vya upepo. Ni dakika tano.

Hatua ya 2: Vya kukulinda vikae ndani ya kabini

Hivi havichanganywi na spea, na havifungiwi nje kwa kufuli. Pembetatu za kuakisi tatu, koti la kuakisi, tochi ya kichwani, glavu ngumu, sanduku la huduma ya kwanza, kabari mbili za magurudumu na kizimamoto. Gari likisimama vibaya, unashuka tayari umevaa koti na tochi iko kichwani. Tochi ya mkononi haitoshi, kwani utaishia kuibana kwa meno huku mikono yote miwili ikiwa kwenye spana.

Umbali wa pembetatu hutofautiana kwa sheria ya kila nchi, kwa hiyo jua ya unakopita. Marekani, kwa mfano, dereva anatakiwa aziweke ndani ya dakika 10 baada ya kusimama. Kwenye barabara ya kwenda na kurudi, pembetatu moja huwa karibu mita 3 kutoka kwenye gari, upande wa magari yanayopita, nyingine mita 30 nyuma na nyingine mita 30 mbele. Popote ulipo, kama umesimama baada ya kona au mlima, pembetatu ya nyuma ipeleke mpaka kabla ya kona au kilele, dereva anayekuja aione wakati bado ana nafasi ya kupunguza mwendo. Na unapotembea kwenda kuiweka, ishike mbele ya mwili wako, uso wa kuakisi ukiwaelekea wanaokuja.

Kabari ziwe kabari za kweli, za mpira mgumu au chuma. Jiwe linashika, sikatai, ila lori likisharekebishwa jiwe hubaki barabarani, na usiku anayefuata nyuma hulikuta akiwa kwenye mwendo.

Kizimamoto cha unga kiangalie geji kila mwezi, mshale uwe kwenye kijani, ukipindue juu chini mara mbili tatu ili unga usigande chini kwa mtikisiko wa safari. Na ujue mipaka yake. Moto wa injini au nyaya utaupiga ukazimika. Tairi lililowaka kutokana na breki zilizokamata ni jambo lingine: unga unaua mwali, lakini mpira ukiwa bado na joto utawaka tena. Tairi linataka kupozwa kwa maji mengi. Dumu la lita 20 la maji safi basi lina kazi zaidi ya moja, tutalirudia kwenye rejeta.

Hatua ya 3: Magurudumu

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Jeki kwanza. Ekseli iliyoshiba mzigo inaweza kubeba tani 10, upande mmoja tani 5. Kwa hesabu jeki ya tani 10 ingetosha, lakini jeki inayofanya kazi karibu na mwisho wa nguvu zake, kwenye ardhi isiyo sawa, si ya kuiamini. Beba ya tani 20. Ila uzito si tatizo pekee. Jaribio ambalo watu hulisahau ni kimo. Jeki inapita vizuri chini ya ekseli pale yadi, matairi yakiwa yamejaa. Tairi la mbele likiisha upepo, ekseli inaweza kushuka sentimita 15 au zaidi, na jeki ile ile ikakataa kuingia. Pima nafasi iliyopo, toa hizo sentimita 15, uone kama jeki iliyofungwa kabisa bado inapita. Isipopita, tafuta fupi yenye nguvu ile ile, au beba kipande cha mbao kilichochongwa mteremko cha kupandishia tairi lililolala ili upate nafasi.

Chini ya jeki weka ubao mgumu, upana kama sentimita 30 kwa 30 na unene wa 5. Bila huo, kwenye ardhi laini utapampu na kupampu, jeki inazama, lori liko pale pale. Na usiingize mwili wako chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Utingo pia asiingie, hata kama ni kuokota nati.

Nati hulegezwa gurudumu likiwa bado limekanyaga ardhi, kabla ya kuinua. Nati za magurudumu ya malori mengi makubwa hukazwa kwa karibu nyutoni mita 600, namba kamili iko kwenye kitabu cha gari. Ili uielewe hiyo kwa mwili: ni mtu wa kilo 60 aliyening'inia kwenye ncha ya bomba lenye urefu wa mita moja. Sasa wewe pima bomba lako. Kama ni nusu mita, itabidi mning'inie wawili, na bomba la namna hiyo ndilo linaloteleza na kuvunja meno. Ipo pia zana yenye gia ndani, unazungusha mkono mdogo na nati inalegea taratibu bila kutoa jasho. Kwa dereva anayesafiri bila utingo naiona ina thamani kuliko zana nyingi za kung'aa, ingawa ni nzito na wenye magari hawapendi kuinunua.

Kabla ya kuvuta, angalia ncha ya stadi, yaani bolti inayoshika nati ya gurudumu. Baadhi ya malori, hasa ya zamani, upande wa kushoto yana stadi za kukaza kinyume, na nyingi zimegongwa herufi L kwenye ncha. Nimeona watu wawili wakivuta nusu saa wakidhani wanalegeza kumbe wanakaza.

Wakati wa kurudisha, safisha kwa brashi ya waya mahali ringi inapokutana na haba (kitovu cha gurudumu). Kutu na rangi nene vikibaki hapo katikati, vitasagika safarini na nati zitalegea zenyewe. Kaza kwa mkono zote kwanza, halafu kwa spana ukivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, si kwa kuzunguka. Baada ya kilomita 50 hadi 100 simama ukaze tena. Mimi huchora mstari wa rangi kutoka kwenye nati kuja kwenye ringi. Nati ikizunguka hata kidogo mstari unakatika, na naona nikiwa nimesimama.

Vya kuambatana na hayo: tairi la spea lenye upepo (lipime, wengi hubeba spea iliyokwisha tangu mwaka jana), nati nne na stadi mbili za akiba kwa kila aina ya gurudumu, pini za valvu kumi na kifunguo chake, vifuniko vya valvu, na geji. Geji iwe ya shingo ndefu yenye vichwa viwili, kimoja cha kusukuma na kimoja cha kuvuta, la sivyo tairi la ndani hutalifikia. Kupiga tairi kwa chuma na kusikiliza mlio kunakuambia tu kama tairi ni tupu kabisa. Masikio hayatofautishi psi 110 na psi 80 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo).

Beba na hozi ya kujazia upepo kutoka kwenye lori lenyewe, mita 10 au zaidi ili ifike tairi la mwisho la trela. Kompresa unayo tayari, inaendeshwa na injini. Unachohitaji ni kiungo kinacholingana na mahali pa kutolea upepo kwenye gari lako, na hivyo viungo viko vya aina nyingi. Kijaribu yadi.

Lakini si kila tairi hujazwa barabarani. Tairi lililokimbia likiwa na upungufu wa zaidi ya asilimia 20 ya upepo wake huhesabiwa kuwa limekimbia tupu. Waya za chuma ndani ya ukuta wake huwa zimekunjwa na kuchoka, na ukilijaza linaweza kupasuka ubavuni kwa kishindo cha kuua. Hilo livue, liende kwa fundi mwenye kizimba cha chuma cha kujazia matairi. Hata lililo zima, ukijaza simama mbali upande wa mkanyago, usisimame mbele ya ubavu.

Hatua ya 4: Upepo wa breki

Spea hizi ndizo nyepesi na rahisi kununua kuliko zote, na ndizo zinazosahaulika. Breki ya kuegesha ya lori haifungwi na upepo. Inafungwa na springi nene iliyo ndani ya chemba, na upepo ndio unaoizuia. Upepo ukitoroka, springi inashika. Kwenye mfumo wa Kimarekani, king'ora hulia upepo ukishuka karibu na psi 60, na springi hujifunga zenyewe ukifika kati ya psi 20 na 45. Ndiyo maana bomba moja dogo lililokatika linaweza kuisimamisha tani 40 na zaidi.

Weka kwenye kopo moja: mipira minne ya viungo vya trela (ile pete inayokaa kwenye mdomo wa kiungo), viungio viwili vya kusukuma vya kila kipenyo ulichoandika kwenye daftari, mita mbili za bomba la plastiki la kila kipenyo, na kisu kikali. Nje ya kopo, hozi moja ya akiba ya kupitisha upepo kutoka kichwa kwenda trela, ile iliyojizungusha kama springi. Chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni ndiyo fundi wako wa kutafuta uvujaji: puliza kwenye kila kiungo, povu likichemka umepata.

Niliwahi kusimama saa sita kwa sababu ya pete ya mpira. Trela lilikuwa linashika breki kila baada ya kilomita chache. Nikahangaika na valvu, nikalala chini ya trela, nikamlaumu fundi. Kumbe mpira wa kiungo chekundu ulikuwa umepasuka kama ukucha, ukionekana mzima kwa mbali. Kiungo chekundu ndicho kinacholisha matangi ya trela. Cha amri ya kanyagio ni cha njano kwa malori mengi, na cha buluu kwa Wamarekani. Chekundu kikivuja, trela linajifunga. Pete ile ungeibeba kwenye mfuko wa shati.

Bomba likikatika, fanya hivi. Magurudumu yawekewe kabari kwanza. Toa upepo kwenye tangi linalolisha bomba hilo. Kata ncha zote mbili kwa kisu, mkato uwe umenyooka kama sarafu, maana mkato wa mshazari utavuja kwenye kiungio. Sukuma bomba ndani mpaka ulisikie limefika mwisho, kisha livute kwa nguvu. Likitoka halikuwa limeshika. Washa injini, jaza, puliza sabuni. Usipoteze muda kuzungushia gundi ya karatasi au utepe wa umeme. Ndani mna bar 8 au zaidi, utepe hautauzuia.

Ikishindikana kabisa na lori liko mahali pa hatari, springi ya breki inaweza kukunjwa kwa mkono kwa bolti maalumu ili gurudumu lizunguke. Kwenye chemba nyingi bolti hiyo huwa imehifadhiwa mfukoni ubavuni mwa chemba yenyewe. Unatoa kizibo cha nyuma, unaiingiza, unaizungusha robo mzunguko mpaka inase, kisha unakaza nati yake na springi inarudi nyuma. Aina nyingine zina bolti iliyojengewa ndani. Mambo mawili usiyacheze: gurudumu hilo halina tena breki ya kuegesha, kwa hiyo kabari lazima ziwepo kabla hujaanza na unasogeza tu mpaka mahali salama, na ule mkanda wa chuma unaofunga nusu mbili za chemba ya springi hauguswi na mtu barabarani. Springi ile ikiachiwa inaua. Muombe fundi akuonyeshe kazi hii mara moja yadi, kwa chemba moja. Kusoma peke yake hakutoshi.

Hatua ya 5: Umeme

Jambo la kwanza ni volti. Malori mengi ya Ulaya na Asia ni ya volti 24, betri mbili za 12 zilizofuatana. Ya Amerika ya Kaskazini ni ya 12. Balbu ya 12 ukiiweka kwenye 24 inaungua papo hapo. Rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya 12 nayo haitadumu. Basi kila unachonunua, soma namba iliyoandikwa, hata kama muuzaji anaapa.

Beba balbu mbili za taa kubwa na mbili mbili za breki, indiketa na pembeni. Balbu ya taa kubwa isiguswe kioo kwa vidole: mafuta ya ngozi huacha doa linalopata joto kupita kiasi na kioo hupasuka. Ishike kwa karatasi safi.

Fyuzi za kisu zina rangi zilizokubaliwa: ya ampea 10 nyekundu, 15 buluu, 20 njano, 25 nyeupe ya kuonyesha, 30 kijani. Chukua tano tano. Fyuzi iliyoungua mara mbili inakuambia kuna waya unaogusa chuma mahali, na mara nyingi ni kwenye waya wa trela, pale unaposuguana na bati. Utafute. Ukiweka fyuzi kubwa zaidi, au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kama wanavyofanya wengine, ule waya ndio utakaogeuka fyuzi, na unapita nyuma ya kiti chako.

Ongeza taa ya kupimia au mita ndogo, rilei mbili, mita tano za waya, viungio vya kubana, utepe wa umeme, na plagi ya trela. Kwa mita, betri zilizoshiba za mfumo wa 24 zitasoma karibu 25.4 injini ikiwa imezimwa na imepumzika, na karibu 28 injini ikinguruma. Ikinguruma na bado unaona 24 na kitu, betri haichajiwi, na kununua betri mpya hakutakusaidia.

Nyaya za kuwashia ziwe nene, za lori. Usikubali gari dogo la volti 12 likuwashie lori la 24.

Hatua ya 6: Injini na vimiminika

Taa ya betri ikiwaka na mshale wa joto ukaanza kupanda kwa pamoja, zima gari haraka: mkanda umekatika. Kwenye injini nyingi mkanda huo huo huzungusha jenereta na pampu ya maji. Mkanda wa akiba mzuri ni ule wa zamani uliovuliwa kwenye huduma ukiwa bado mzima, maana umeshathibitika kuwa saizi yake ni sahihi. Beba na mkono mrefu wa kuvutia kikazio cha mkanda; bila huo mkanda mpya utabaki mkononi.

Kwa rejeta: maji ya lita 20, dawa ya rejeta ya aina inayotakiwa na injini yako, klipu za hozi za saizi tatu nne, na utepe wa silikoni unaojigandisha wenyewe ukiuvuta. Huo huzungushwa kwenye hozi iliyopasuka, unaufunga kwa klipu pembeni, unaendesha polepole mfuniko ukiwa umelegezwa kidogo, tangu injini ikiwa baridi, ili shinikizo lisipande. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa humo yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua yanachemka yote kwa mara moja, usoni mwako.

Gari likianza kukosa nguvu mlimani huku tambarare likienda vizuri, shuku filta ya dizeli. Beba moja ya kila aina, na kifunguo cha mkanda cha kuifungulia. Paka dizeli kwenye mpira wa filta mpya, ikaze kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza mzunguko ulioandikwa ubavuni mwake, mara nyingi robo tatu. Filta ya mwisho, ile iliyo karibu na injini, usiijaze dizeli ya kumimina kutoka dumuni, kwa sababu uchafu utakaoingia hapo hauna kitu kingine cha kuuzuia. Badala yake pampu kwa pampu ya mkono. Mwanzoni inakuwa laini, inameza hewa. Ghafla inakuwa ngumu chini ya kiganja kama tairi la baiskeli lililojaa. Hapo dizeli imefika. Na mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli usiyalegeze injini ikiwaka. Kwenye injini za kisasa humo mna shinikizo la zaidi ya bar 1,500, linapenya ngozi kama sindano.

Oili ya injini lita tano, ya daraja lile lile lililomo. Faneli pia, jamani.

Hatua ya 7: Mfuko wa spana

Huu uwe mdogo. Spana za mdomo na pete kutoka 8 hadi 24, soketi na mkono wake, bisibisi bapa na za nyota, plaisi, koleo la kujifunga, nyundo ya kilo moja, tindo, funguo za pembe sita na za nyota, msumeno wa chuma, waya wa kufungia, mafuta ya kulegezea kutu. Bolti na nati za kuokoteza ziwe kwenye kopo moja tu. Nilimfahamu utingo aliyebeba ndoo nzima ya vyuma chakavu, na siku alipohitaji bolti ya 12 ilibidi aimwage barabarani yote, na haikuwemo.

Kompyuta za kusoma hitilafu na vifaa vya kushusha gia waachie mafundi.

Mikanda ya kufungia mzigo, minyororo na turubai navihesabu kuwa sehemu ya mzigo, ila mkanda mmoja wa akiba hukaa nami daima. Ushawahi kunishikia bampa, mlango, na tangi la dizeli.

Hatua ya 8: Panga, kisha fanya zoezi la usiku

Vizito chini, vya dharura juu. Jeki isimame wima, ikilala inavuja. Chochote chenye umeme kiwe kwenye kopo lenye mfuniko, maana sanduku la nje huingia maji hata ukiambiwa haliingii. Spana zizungushie tambara. Zikigongana safari nzima zinatoboa chupa ya oili, nimefuta sanduku zima mara mbili. Balbu zikae kabini, ndani ya soksi nene. Orodha ibandike kwa ndani ya mfuniko, na kila ukitumia kitu kikwangue kwa kalamu hapo hapo.

Halafu chagua usiku mmoja ukiwa yadi, mahali tambarare, lori likiwa tupu. Zima taa za nje. Vaa tochi, weka kabari, toa jeki, vua gurudumu moja la nyuma la nje na ulirudishe. Badilisha balbu ya breki ya trela. Unganisha hozi ujaze upepo tairi la mwisho. Usimwombe mtu akuletee chochote kutoka stoo. Kalamu iwe mfukoni, na kila ukitafuta kitu usikione, kiandike. Karatasi hiyo ndiyo ya kupeleka dukani asubuhi, kabla ya kupakia.